Perkins ya nukta nundu: ijaribu kwa "lala", "mama" na "wino" kabla hujaichukua

Mwalimu au mzazi wa Arusha au Moshi anayemtafutia mtoto asiyeona mashine ya kuandikia nukta nundu, mara nyingi ataishia kwenye Perkins: ile ya chuma, ya kijivu, yenye mkono wa kubebea na vitufe tisa mbele. Na mara nyingi haitakuwa mpya. Itakuwa imeletwa na mfadhili, imetolewa stoo ya shule, au imeagizwa mtandaoni ikiwa tayari imetumika miaka mingi. Uzuri wa Perkins kwa ujumla hauna ubishi, na tutaueleza. Lakini la kujua kwanza ni kama hiyo moja iliyo mezani kwako bado inaandika kile anachobonyeza mtoto.

Kwa asiyezijua nukta nundu, yaani maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa kidole: kila herufi inakaa ndani ya nafasi moja yenye nukta sita, safu mbili za nukta tatu tatu. Safu ya kushoto ni 1, 2, 3 kuanzia juu kushuka chini. Ya kulia ni 4, 5, 6. Herufi a ni nukta 1 peke yake, l ni 1-2-3, m ni 1-3-4. Mbele ya mashine, katikati, kuna kitufe kipana cha nafasi. Kushoto kwake, ukienda nje, ni vitufe vya nukta 1, 2 na 3. Kulia kwake ni 4, 5 na 6. Kile cha mwisho kabisa kushoto kinashusha mstari, na cha mwisho kulia kinarudisha nafasi moja nyuma. Vidole vitatu vya kila mkono vinakaa kwenye nukta, dole gumba kwenye nafasi, vidole vya mwisho kwenye vile viwili vya pembeni. Herufi nzima inabonyezwa kwa pamoja, na kichwa cha kuchapia kinasogea kulia pale unapoachia vitufe.

Hapo ndipo faida yake inapoonekana ukilinganisha na kibao na kalamu ya kutobolea. Andika neno "Moshi" kwa kibao, bila kuhesabu alama ya herufi kubwa: m nukta tatu, o tatu, s tatu, h tatu, i mbili. Jumla mara kumi na nne kutoboa, tena ukitoka kulia kwenda kushoto na kila herufi ikiwa imegeuzwa, kwa sababu nukta zinajitokeza upande wa pili wa karatasi. Kwa Perkins ni mibonyezo mitano, na nukta zinajitokeza juu, upande wa msomaji. Mtoto anapeleka kidole kwenye alichokiandika dakika hiyo hiyo bila kutoa karatasi. Kwa hesabu za kupanga namba juu ya namba, jambo hilo ni msaada mkubwa. Simu inayosoma kwa sauti inasaidia mengi, lakini haimwonyeshi mtoto makumi yamekaa chini ya makumi.

Jaribio la maneno

Watu wengi wakikabidhiwa Perkins wanabonyeza vitufe viwili vitatu, wanasikia inalia "taka taka", wanaridhika. Haitoshi. Mashine inaweza kulia vizuri huku nukta moja haichapi, na Kiswahili kina maneno mengi mafupi yanayogeuka neno jingine halali nukta moja ikikosekana. Tazama:

Ikifa nukta 2, "lala" inasomeka "kaka".
Ikifa nukta 3, "lala" hiyo hiyo inasomeka "baba", na "taa" inakuwa "jaa".
Ikifa nukta 4, "mama" inasomeka "kaka".
Ikifa nukta 5, "nini" inakuwa "mimi", na "taa" inakuwa "saa".
Ikifa nukta 6, "wino" inakuwa "jino", na "vita" inakuwa "lita".

Nukta 1 ikifa utajua mara moja, maana kila a itageuka nafasi tupu, na Kiswahili bila a hakisomeki.

Sasa mfikirie mtoto wa darasa la tatu anayeandika imla kwenye mashine yenye nukta 6 dhaifu. Amebonyeza w sawasawa kabisa: 2-4-5-6. Karatasi inasema j. Mwalimu anakata. Mtoto anaambiwa hajui kuandika "wino", naye anaanza kuvitilia shaka vidole vyake. Kosa ni la pini moja iliyokwama kwa vumbi. Ndiyo maana tunasisitiza: usipokee mashine, hata ya bure, kabla ya kuandika maneno haya sita kwa herufi kamili bila vifupisho: lala, mama, nini, taa, wino, vita. Yaandike mara tatu: mwanzo wa mstari, katikati na mwisho, kwa sababu kuna mashine zinazochapa vizuri kushoto na kufifia kulia.

Baada ya maneno, jaza mstari mzima kwa nafasi zenye nukta zote sita. Pitisha kidole cha shahada taratibu, kisha rudi. Mstari wa mashine nzima unakuwa kama ukingo mmoja wenye mikwaruzo iliyo sawa. Ukisikia mfereji unaokimbia kwa urefu wote, kuna nukta inayochapa chini kuliko wenzake. Ukisikia mashimo ya hapa na pale yasiyo na mpangilio, tatizo huenda ni mkono wako: kuna kitufe hukukifikisha mwisho. Rudia kwa kubonyeza kwa uthabiti kabla hujailaumu mashine.

Kama wewe huoni kwa vidole, yaani unasoma kwa macho tu au husomi kabisa nukta nundu, usiifanye kazi hii peke yako. Mwite mtu asiyeona anayesoma kila siku. Moshi kuna Shule ya Msingi Mwereni, ambako wanafunzi wasioona na wanaoona wanasoma pamoja. Tengeru, nje kidogo ya Arusha, kuna Chuo cha Ualimu Patandi kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Watu wenye vidole vya kuaminika wapo karibu kuliko unavyodhani.

Kuingiza karatasi

Lawama nyingi zinazopelekwa kwa fundi zinaanzia hapa. Utaratibu ni huu, na mpangilio wake haubadilishwi:

Zungusha vifundo vya pembeni kuelekea mbali nawe mpaka vigome. Vuta vishikizo viwili vya karatasi vilivyo juu, kushoto na kulia, vije upande wako. Hapo rola imefunguka. Telezesha karatasi chini ya kichwa cha kuchapia, ikae sawa na ukingo wa kushoto. Sukuma vishikizo virudi nyuma vifunge. Zungusha vifundo kuelekea kwako. Karatasi itajikunja ndani ya mashine mpaka igome. Kisha, na hili ndilo linalosahaulika, bonyeza kitufe cha kushusha mstari mara moja kabla ya kuandika chochote. Mbonyezo huo ndio unaoishika karatasi kwenye mstari wake wa kwanza. Ukiuruka, mstari wa kwanza unakaa ovyo na wa pili unaweza kuupanda.

Kosa la pili: mtoto anafungua vishikizo katikati ya ukurasa ili "anyooshe" karatasi iliyoingia upande. Karatasi ikishalegea, mistari imepotea. Hairudi mahali pake kwa kukisia. Kama imeingia upande, itoe yote, anza upya.

Mwisho wa mstari kengele inalia zikiwa zimebaki nafasi chache. Malizia neno, bonyeza kitufe cha mstari, ndipo ukirudishe kichwa kushoto kwa kukishika kishikio chake kidogo. Kichwa kinateleza bila kulazimishwa. Kikigoma, usikivute kwa nguvu. Angalia kwanza kama kuna kitufe kilichobaki chini.

Karatasi, gharama inayoendelea

Mashine unainunua mara moja, karatasi unanunua kila muhula. Perkins inapokea karatasi pana ya hadi sentimita 29 kwa 36 hivi, na kwenye karatasi kamili ya nukta nundu inatoa mistari 25 ya nafasi 42. Karatasi ya A4 inapita bila shida, ila ukiacha pambizo utapata nafasi kama 30 tu kwa mstari. Hilo si dogo kwa Kiswahili, maana neno kama "wanavyotufundisha" pekee linakula nafasi 17 bila vifupisho. Panga vituo vya pambizo vilivyo nyuma ya mashine kulingana na upana wa karatasi yako, la sivyo kichwa kitaendelea kuchapa hewani karatasi ikiwa imekwisha, na mtoto hatajua.

Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 usiitumie kwa kitu cha kutunza. Nukta zinatoboka, na zilizobaki zinalala baada ya kusomwa mara chache. Tafuta ya gramu 120 hadi 160. Manila ya steshenari inafaa ikiwa si ngumu kupita kiasi. Ikiwa ngumu sana mtoto anatumia nguvu nyingi, vidole vinachoka na nukta 3 na 6, zinazobonyezwa na vidole dhaifu zaidi, zinaanza kufifia. Kalenda kuukuu za ukutani zinafanya kazi nzuri kuliko watu wanavyotarajia: karatasi yake ni nzito, na picha ya mlima au ya benki iliyochapwa juu yake haimsumbui anayesoma kwa kidole. Inamsumbua mwalimu anayesahihisha kwa macho. Mpe upande mweupe.

Zihifadhi kurasa zilizoandikwa zikiwa zimesimama kama vitabu kwenye rafu. Ukizilaza na kuzibebesha mzigo, unazipiga pasi.

Kinachoharibika na sababu zake

Perkins haina injini wala betri. Ni nyenzo, springi, pini na meno. Karibu kila ugonjwa wake una chanzo kati ya vitatu: vumbi, mafuta yaliyoganda, au kuanguka.

Vitufe vinavyorudi polepole. Huu ndio wa kawaida kuliko yote hapa kwetu. Vumbi la kiangazi linaingia kwenye uwazi wa vitufe, linakutana na mafuta ya zamani, vinakuwa uji mzito. Dalili ya mapema ni kitufe kimoja kubaki chini nusu sekunde kuliko wenzake. Watu wanakimbilia kuongeza mafuta ya cherehani. Siku mbili inalainika, baada ya hapo inakwama zaidi, kwa kuwa umeongeza kitu cha kukamatia vumbi. Mafuta ya kupikia ndiyo mabaya kabisa. Yanaganda kama gundi. Kinachotakiwa ni kusafisha kwanza: brashi laini kavu, upepo, kisha uchafu wa zamani uondolewe na fundi aliyefungua bamba la chini. Mafuta mepesi yanafuata, tone kwenye ncha ya sindano, sehemu za mzunguko pekee.

Herufi kupandana. Umeandika "maji" ukapata alama moja isiyosomeka mahali pa herufi mbili. Kichwa hakikusogea. Ama reli yake ni chafu, ama springi inayokivuta imechoka. Jaribu: peleka kichwa kushoto kabisa, bonyeza nafasi mfululizo, sikiliza. Hatua ziwe sawa kama saa ya ukutani. Hatua ikikosekana mahali pale pale kila mara, ni meno yaliyolika au taka iliyonasa hapo. Ikikosekana ovyo, anza na usafi.

Mistari isiyolingana. Kabla ya kuwaza mengine, hakikisha vishikizo vyote viwili vimefungwa mpaka mwisho. Kimoja kikiwa kimelegea, karatasi inavutwa upande mmoja na mistari inakuwa kama mteremko wa Kibosho.

Nukta inayotoboa karatasi. Karatasi ni nyepesi, au pini imerekebishwa ikapanda mno. Usikubali fundi "akaze kidogo" pini moja bila kujaribu zote sita baada yake. Urefu wa nukta ni suala la ulinganifu.

Iliyoanguka. Weka mashine kwenye meza unayojua iko sawa. Kama inacheza kwenye miguu yake, au kichwa kinakaza katikati ya safari huku mwanzo na mwisho kinateleza, fremu au reli imepinda. Hii tunashauri uiache, hata ukipewa bure, isipokuwa unaihitaji kwa vipuri. Na kwa vipuri ina thamani: springi, vitufe, vifundo na kengele vyote vinaweza kuhamia kwenye nyingine.

Kuhusu fundi: fundi hodari wa cherehani au wa mashine za taipu anaelewa nusu ya kazi hii kwa asili, kwa kuwa anajua nyenzo na springi. Asichokijua ni kipimo cha nukta. Mpeleke na msomaji wa nukta nundu, wakae meza moja: mmoja afungue, mwingine aguse. Tunawasihi pia wenye stoo za shule. Mashine nyingi zinazoitwa "mbovu" zimekwama tu, na kila mwaka zinavyokaa bila kifuniko zinazidi kukwama huku watoto watatu wanapokezana moja.

Ilikotoka

Mpangilio wa vitufe sita umekuwepo tangu 1892, Frank Hall, mkuu wa shule ya wasioona ya Jacksonville, jimbo la Illinois, Marekani, alipoonyesha mashine yake ya kuandikia nukta nundu. Hakuichukulia hataza, hakutaka kupata faida kwa kitu cha wasioona. Mwaka 1893, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, Helen Keller alikutana naye ana kwa ana. Mashine ya Hall ilisogeza karatasi kushoto na kulia kama taipu za zamani, kwa hiyo ilidai nafasi pembeni. Zilizofuata ziliharibika upesi na zilihitaji kurekebishwa mara kwa mara.

Perkins ilitengenezwa na David Abraham, mwalimu wa useremala mzaliwa wa Uingereza, katika Shule ya Perkins huko Watertown, Massachusetts, baada ya mkurugenzi Gabriel Farrell kutaka mashine isiyochosha mafundi. Kazi ilicheleweshwa na Vita Kuu ya Pili, na mashine za kwanza zikaanza kutengenezwa 1951. Abraham aliiacha karatasi itulie kwenye rola, akakisogeza kichwa. Ndiyo maana inaenea kwenye dawati la mwanafunzi, na ndiyo maana ya miaka ya sitini bado inaweza kuandika leo ikisafishwa.

Tunayoilalamikia

Uzito. Karibu kilo 5 ni mzigo kwa mtoto wa miaka minane anayetembea kutoka bweni hadi darasani. Ibebwe kwa mkono wake wa juu tu, kamwe si kwa kushika kichwa wala vifundo. Kwenye daladala au Hiace ikae mapajani, isiwekwe kwenye keria wala chini ya kiti. Kwenye bodaboda usithubutu.

Kelele. Mashine nane zikiandika pamoja, mwalimu hasikiki. Kipande cha blanketi kuukuu au mpira wa ndala zilizochakaa chini ya kila moja kinapunguza sana, na kinazuia isitembee mezani.

Bei. Mpya inauzwa kwa mamia ya dola za Marekani kabla ya usafiri, na kwa kilo 5 usafiri wenyewe si haba. Toleo jipya lililotoka 2008 ni jepesi zaidi na linabonyezeka kwa nguvu ndogo. Kwa mtoto mwenye vidole dhaifu ni bora. Kwa shule yenye vumbi na watumiaji wengi, sisi bado tungechukua ile ya kizamani iliyosafishwa vizuri, kwa sababu vipuri vyake ndivyo vilivyojaa kwenye stoo.

Ukiichukua, dai na vitu vitatu pamoja nayo: kifuniko cha vumbi (kipande cha kanga nene kinatosha ikiwa hakipo), kile kijiti cha mbao cha kulazia nukta zilizokosewa, na ukurasa mmoja wa majaribio wenye yale maneno sita, umeandikwa siku ya makabidhiano na kuwekwa tarehe. Funga mashine jioni vishikizo vya karatasi vikiwa wazi, kifuniko juu. Baada ya miezi mitatu andika maneno yale yale kwenye karatasi ya aina ile ile, uweke kurasa mbili pamoja, na umpe msomaji azilinganishe kwa kidole. Kama "vita" imeanza kuelekea "lita", ipeleke kusafishwa wiki hiyo hiyo, kabla ya mitihani.